Mdogo wangu, kura tulipiga, ila hatukua tumekuona

Marahaba. Najua hujaniamkia ila naitikia tu, manake miezi miwili hii meseji zako zote zinaanza na "dada piga kura", shikamoo ilishaondoka zake. Nilitaka nikupigie simu nikaona hapana, we mwenyewe ulitoka hadharani, matokeo ya ile tuzo yenu ya waigizaji chipukizi yametangazwa usiku, hukushinda, asubuhi yake ukaweka statasi "nabii hakubaliki kwao", na watu wa hapa Bagamoyo wameiona, mpaka yule kijana wa bodaboda anayepaki mbele ya steshenari yangu akaniuliza, dada, kwani sisi ndo tuliomkataa mdogo wako? Sasa na mi nakujibu hadharani. Jina sitaji, utajijua.

Tuanze na hilo la kukataliwa. Mi nilituma kura kumi na moja. Nazikumbuka kwasababu kila moja ilikata salio na ile vocha nilikua nimeweka ya kuongea na wateja. Mama hajui kutuma, nikamtumia kwa simu yake. Shangazi wa Magomeni alituma, ila badala ya namba yako ya ushiriki aliandika jina lako lote na la babu na "Mwenyezi Mungu akujaalie mwanangu", ikamrudia meseji kwamba haijaeleweka, akaghadhibika kweli, anasema dua gani isiyoeleweka. Pale soko la samaki wale wazee waliokua wakivua na marehemu baba niliwaandikia namba kwenye karatasi nikaibandika kwenye nguzo ya banda la kukaangia, na walituma, wengine mikono ina magamba. Mji huu umekuchagua bana, usitusingizie.

Ila kuna kitu hakuna aliyekwambia. Katika wote hao hakuna hata mmoja aliyekua amekuona ukiigiza. Hata mmoja, na mimi nimo. Tamthilia yenu iko kwenye king'amuzi cha kulipia, na sio kile kifurushi cha chini, na cha nyumbani kilikata toka Ramadhani, king'amuzi chenyewe mama kakifunika kitambaa kaweka na maua ya plastiki juu. Kwahiyo tulikupigia kura kama watu wanavyochangia harusi, bwana harusi humjui sura, umeona jina la ukoo kwenye kadi unatoa.

Nilivyoona umekasirika nikakaa nikasoma mambo ya hizi tuzo, manake mchana steshenari inakua haina mtu. Wenzetu Uingereza, kwenye BAFTA, zile tuzo zao za filamu, wana tuzo ya nyota anayechipukia toka 2006, waliianzisha kumuenzi Mary Selway, mama ambaye kazi yake ilikua kuwatafuta waigizaji na kuwapangia nafasi kwenye filamu, alifariki 2004. Katika sherehe yao ile ya filamu hiyo ndo tuzo ya wananchi, zingine wanaamua wenyewe wenye fani. Na hata hiyo hawaiachii hivihivi, jopo linakaa kwanza, linachuja linabakiza majina matano, ndo raia wanaambiwa haya chagueni. Sasa angalia waliochukua. John Boyega kachukua 2016, na ile filamu yake kubwa ilitoka mwisho wa 2015, dunia nzima imeshapanga foleni kuiona. Daniel Kaluuya, wazazi wake Waganda, majirani zetu kabisa, kachukua 2018 na kwenye TV za kule walianza kumuona toka 2006! Chipukizi wa zaidi ya miaka kumi, si mti huo, tena umeshazaa.

Hizo ni za filamu, wewe ni mtu wa TV, haya, kuna National Television Awards, nazo za hukohuko, toka 1995, zile kura ni za watazamaji. Januari 2019 kipengele cha wapya alichukua James Moore, kijana mwenye mtindio wa ubongo, alikua kwenye tamthilia inayorushwa jioni siku za wiki. Elewa hapo, jioni siku za wiki. Watu wamekula chakula cha usiku wanamtazama, wamemzoea kama mpangaji mwenzao, ndo wakaambiwa pigeni kura. Hata hapa kwetu, Diamond alivyochukua ya msanii anayechipukia kwenye zile tuzo za muziki za Kili 2010, nani alikua hajamsikia? Asiye na redio alimsikia kwenye daladala.

Sio kwamba nazitetea hizi kura za simu. Mtu mmoja anatuma mara hamsini, hapo inapimwa vocha sio kipaji, na wanaokusanya hela za hizo meseji kila mwaka wanashinda wao hata wasipokua kwenye kipengele. Lakini hiyo ulijua wakati unaingia, na ulifurahi, ulipiga simu usiku tukajua kuna msiba.

Mi kilichoniuma ni hivi. Nimerudi nyuma nikasoma grupu la familia toka mwanzo. Umeomba kura mara nyingi mpaka nikachoka kuhesabu, umetuma bango lako umevaa koti na miwani ya jua (na lile joto la Dar, sijui nani alikushauri), bango lina namba ya kutuma, lina tarehe ya mwisho, lina mpaka jina la aliyekuvalisha. Halina siku tamthilia inayorushwa. Hujawahi hata siku moja kuandika "leo saa tatu natokea, nitazameni". Hata siku moja mdogo wangu.

Na hukua hivyo. Ulivyokua mdogo ukitoka shule unapitia pale chuo cha sanaa, TaSUBa, wakati wa mazoezi, unachungulia, na likifika tamasha ndo hatukuoni kabisa nyumbani. Lile tamasha limeanza 1982, mama mwenyewe alikua bado kigori, ila we ulikua unaongea kama umelianzisha wewe. Af usiku unatukalisha uani kwenye mkeka unaigiza yote, mzee, mganga, mpiga ngoma, mbuzi, wote wewe, na mtu akiinuka kwenda chooni unasimamisha mchezo mpaka arudi.

Basi Jumanne kwa hasira za statasi yako nikalipia kifurushi, nikasema ngoja nikaone tunachosingiziwa. Nikatoa kitambaa, nikatoa maua, majirani wakaja, yule wa bodaboda nae akaja akakaa mlangoni. Tukasubiri. Dakika za mwanzo hupo, watu wanagombania kiwanja, wanapiga kelele sana mle ndani jamani. Af ukatokea. Kumbe una sehemu ndogo hivyo! Yule baba mkwe anakutukana, maneno mazito, na we hujibu, unamtazama tu, af ukavua kapelo, ukaipuliza ndani kama ina vumbi, ukaivaa tena, ukatoka.

Sebuleni kimya. Manake sisi sote tunajua ile kofia ni ya nani. Baba akikasirika alikua hasemi, anavua kofia, anaipuliza, anaivaa, anaelekea pwani, na hakurudi mpaka hasira ziishe. Mama akasimama akasema anaenda kuangalia chungu jikoni. Hakukua na chungu jikoni, tulikua tumeshakula.

Aliporudi akaniuliza, zile kura bado zinapokelewa? Nikamwambia zimefungwa mama, matokeo yametoka. Akasema basi angalau tungejua tunapigia nini. Af akaniambia yale maua yasirudi juu ya king'amuzi.

Sasa kifurushi kinaisha tarehe nne. Niandikie unatokea tena lini na saa ngapi, niandike kwenye karatasi nikaibandike palepale kwenye nguzo ya banda. Ile ya kwanza bado ipo, ina mafuta ya samaki ila namba yako inasomeka.

Na ile statasi ifute, shangazi wa Magomeni hajaiona bado.