Barua kwa Somo Yangu Kuhusu Chakula cha Kifaransa

Bagamoyo

Kwa somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga, wewe pamoja na wazee wetu. Sisi hatujambo. Uliniuliza kama mgahawa wa Kifaransa ulio ndani ya ile hoteli ya kifahari ya ufukweni utawafaa wakwe zako watakapokuja kututembelea, na kwa kuwa shemeji yako alinipeleka huko juma lililopita, naweza kukujibu kwa niliyoyaona.

Litakalowashangaza wazee ni mwendo wa chakula chenyewe. Sinia hakuna. Huletwa sahani moja, ikaliwa, ikaondolewa pamoja na uma na kisu chake, ndipo ije nyingine: supu, kisha samaki, kisha nyama, na mwisho kitindamlo; na kati ya sahani na sahani kuna kungoja kunakomtesa mwenye njaa. Shemeji yako alinung'unika kwamba Wafaransa wana roho ngumu. Nikamweleza kwamba desturi hiyo si yao ya asili, kwani katika karamu za wakubwa wa Ufaransa ya zamani vyakula vingi viliandaliwa mezani kwa pamoja, kila mtu akajipakulia kilichokuwa karibu naye, na utaratibu huu wa sahani moja moja ulienea kwao katika karne ya 19, wakauita wa Kirusi. Mababu zao wangelikaribia sinia letu bila taabu, ila wangeulizia viti.

Samaki ndiye aliyenifurahisha. Kilikuwa kipande cha changu, ngozi imekaangwa ikawa kavu na nyama yake ikabaki laini, kimemwagiwa mchuzi mweupe wa siagi. Hapa nisikilize vizuri, somo. Mchuzi huo huanza kwa divai nyeupe na siki kuchemshwa pamoja na vitunguu vidogo vilivyokatwakatwa hadi vikaribie kukauka, ndipo siagi ya baridi ikorogwe ndani kidogo kidogo kwa moto mdogo, maana ikichemka hujitenga. Divai huingia katika michuzi yao mingi, hata ya nyama, na si kweli kwamba kileo chote hupotea motoni. Kwa hiyo kabla ya kuagiza nilimwuliza mhudumu, naye akaenda jikoni akarudi na jibu kwamba mpishi atatumia maji ya ndimu badala yake. Supu yao ya vitunguu nayo mara nyingi hutiwa divai, basi tukaletewa ya maboga, ambayo haikuwa na la kusimulia.

Nyama ya kondoo ilikuja ingali nyekundu ndani, jambo ambalo kwao ni sifa. Baba mkwe ataidhani haijapikwa, hivyo uagize iliyoiva kabisa. Bei sitaiandika humu, barua isije ikaangukia mikononi mwa mama mkwe.

Kwa maoni yangu wapeleke, lakini upige simu siku moja kabla, uwatajie wazi habari ya divai na ya nguruwe, na uombe meza ya barazani, kwa sababu ndani kiyoyozi ni kikali mno kwa wazee. Alasiri wapitishe kwangu kwanza. Nitawapikia vitumbua, ili kule kungoja kusiwaudhi.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi somo yako akupendaye.