Jiwe la Mama

Nkuhungu, Dodoma
Jumanne usiku

Mama Doreen shoga yangu,

Mbukwa! Au siku hizi huitikii tena, umeshakuwa mtu wa Arusha? Habari za huko, habari za baridi, mguu wa Baba Doreen unaendeleaje? Sisi hatujambo. Mvua zimekata, upepo umeanza, nafagia sebule asubuhi na jioni na vumbi linanicheka tu.

Najua umeninunia na haki unayo. Send-off ya Doreen sikuja, simu sikupiga, na picha uliponitumia nikajibu kwa kidole gumba kama mhasibu anayepitisha hati ya malipo. Nimekosa, mwaya. Nitakuja kuomba radhi mwenyewe, na khanga mkononi. Ila leo nina shida, tena shida ya mawe, na mtu wa mawe ninayemwamini duniani ni mmoja tu: kaka yako Eli.

Iko hivi. Mama anatimiza miaka sabini. Tukakaa kikao cha familia, mbuzi tukapanga, maturubai tukapanga, tukafika kwenye zawadi. Mimi nikasema kitenge na godoro jipya. Anna akapiga simu kutoka Dar, unamjua Anna, akasema hapana, Mama apewe pete yenye jiwe la mwezi aliozaliwa. "Dada, kila mwezi una jiwe lake na kila jiwe lina maana yake." Hajakata simu orodha imeshaingia kwenye grupu. Januari ganeti, jiwe la kumlinda msafiri. Februari amethisti, Machi akwamarini yenye rangi ya maji ya bahari, mabaharia wa zamani walitembea nayo wasizame. Aprili almasi, Mei zumaridi, Julai rubi, Septemba safaya. Mimi wa Juni nimepewa lulu, ambayo hata jiwe si jiwe, inatoka tumboni mwa chaza. Na hiyo amethisti eti inamzuia mtu asilewe; jina lenyewe kwa Kigiriki maana yake ni asiyelewa. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Neema akaja kuchungulia. Baba Gift si kazaliwa Februari? Huyo hata tukimvisha gunia zima.

Haya, sasa niambie: Mama kazaliwa mwezi gani?

Kitambulisho kinasema Julai mosi. Lakini Julai mosi ya wazee unaijua. Karani anauliza tarehe, mzee anajibu "mwaka ule wa nzige", karani anaangalia foleni ilivyo ndefu, anaandika 1 Julai, mwingine aje. Kijijini kwetu Mpwapwa nusu ya wazee wamezaliwa siku hiyo. Wangeamua kusherehekea wote pamoja, mbuzi wangekwisha wilaya nzima.

Bibi alikuwa na maelezo mengine. Wewe mwenyewe uliwahi kumsikia, likizo ile uliyokuja kwetu tukisoma shule ya Msalato, tumekaa tunapukuchua karanga. Alisema mvua ilikuwa imenyesha mara mbili, ya tatu ikawakuta shambani wanapanda uwele. Uchungu ukamshika na mbegu bado ziko kwenye kibuyu kiunoni. Mama akazaliwa palepale pembeni ya shamba, akafunikwa kaniki iliyolowa, na Babu akamalizia mstari kwanza ndipo akaja kuangalia ni mtoto gani. (Babu hakusamehewa hilo mpaka anakufa.) Sasa shoga, Ugogo nani anapanda uwele Julai? Julai uwele uko ghalani. Mvua ya tatu, watu wanapanda, hiyo ni Desemba, ikiwahi sana mwisho wa Novemba.

Nikawaambia kwenye grupu. Kimya. Kisha Anna: "Dada, tusichanganye mambo, kitambulisho ni kitambulisho."

Basi nikasema liwe la Julai, yaishe. Rubi. Na rubi si jambo la mbali kwetu: unakumbuka 2008 ilivyokuwa, kila kijana wa Mpwapwa kakimbilia Winza, na mjomba akauza ng'ombe wawili akanunue sururu na pampu ya maji? Winza ilitoa rubi zilizosifiwa mpaka Ulaya, na safaya humohumo, maana kumbe rubi na safaya ni jiwe moja, korundi, zinatofautiana rangi tu. Nikaona vizuri, jiwe la mwezi wa karani lakini limetoka kwenye udongo wa nyumbani. Nikapata dalali. Kijana mpole, salamu nyingi, ananiita mama mkubwa. Jiwe jekundu kama juisi ya rosela, limefungwa kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa mara nne. Laki moja na nusu. Nikalipa.

Siku ya pili nikampelekea kijana mmoja anayejua mawe anitafutie sonara. Akaliweka kwenye mwanga wa tochi, akashika lenzi yake ile ndogo, akanyamaza. Kisha akanipa niangalie mwenyewe. Vipovu, shoga! Vipovu viduara kabisa, kama vya soda, vimeganda humo ndani. Akasema jiwe la ardhini lina nyufa, lina vinyuzi, lina uchafu wake, ila vipovu vya namna hii ni vya kioo kilichoyeyushwa. Laki na nusu nimenunua chupa. Baba Neema hajui mpaka leo, na wewe hujui.

Hapo ndipo nikachukia na kuanza kuuliza: hii orodha kaitunga nani? Nilidhani ni jambo la kale kama Biblia. La kale lipo, ni kweli, kile kifuko cha kifuani cha Haruni katika Kutoka 28, vito kumi na viwili, safu nne. Mchungaji wetu akaniambia hata Yosefo, yule mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, alivifananisha na miezi kumi na miwili. Lakini orodha hii ya Anna, Januari hivi Februari vile, walikaa wauza vito wa Marekani kule Kansas City mwaka 1912 wakaipanga. Wauza duka! Mwaka 1952 wakaongeza mengine. Kwa hiyo karani wetu wa Julai mosi tusimlaumu sana, kumbe hata mawe yaligawiwa miezi na watu waliokaa mezani na kalamu.

Na Desemba? Hapa ndipo nilipokaa kitako. Desemba ilikuwa na feruzi, baadaye na zirkoni, halafu mwaka 2002 wakaongeza tanzanite. Tanzanite yetu! Jiwe lililopatikana Mererani 1967, likapewa jina mwaka uliofuata na Tiffany, wale wauza vito wa New York, na halipatikani kwingine popote duniani. Maana yake Mama ni mkubwa kuliko jiwe lake. Alikuwa msichana wa kuchota maji wakati jiwe bado liko chini halijulikani, na lilipoingia kwenye orodha alikuwa ameshapata wajukuu. Sijui kwa nini hili limenishika hivi. Nalala nalo, naamka nalo. Mtu asiye na tarehe, apate jiwe ambalo nalo lilichelewa kuandikishwa.

Nikampigia Mama nimwonjeshe bila kumwambia ni zawadi. Akasikiliza yote. Akasema, "Haruni alivaa mawe kumi na mawili na hakuna aliyemuuliza mwezi. Yalikuwa ya makabila." Kisha akauliza swali moja la maana kuliko yote ya kwenye kikao: "Na hilo jiwe, nikisugua sufuria kwa mchanga, litabaki?"

Halibaki. Nimeuliza. Rubi ugumu wake ni 9 katika kipimo cha hadi 10, inachelewa kukwaruzika. Tanzanite ni 6 mpaka 7, mchanga unaikwangua, kugongwa haipendi, maji ya moto ya ghafla nayo haipendi. Na Mama hutamkataza kusugua sufuria hata umvishe taji. Kwa hiyo nimeamua isiwe pete, iwe kidani, kikae kifuani chini ya gauni la kanisani. Anna bado hajui kwamba nimeamua.

Sherehe ibaki Julai mosi, sina ugomvi, watu wameshavuna na barabara ni kavu. Jiwe tu ndilo liwe la kupanda uwele.

Basi naomba kaka Eli anitafutie. Dogo, mwaya. Sisemi yale ya mzee Laizer, yule mchimbaji wa tanzanite wa 2020, kilo tisa na kilo tano, serikali ikayanunua kwa zaidi ya bilioni saba. Mimi nataka la ukubwa wa punje ya hindi, hata ya harage la choroko, lenye bluu ya jioni na zambarau kidogo ukiligeuza. Najua mengi yanatoka ardhini na rangi ya udongo, yanachomwa kwenye moto ndipo yanakuwa bluu, hilo halinisumbui, hata chungu kinachomwa. Nisichotaka ni vipovu.

Sasa nijibu haya. Eli bado anafanya kazi hiyo, au aliacha kama Teddy alivyosema? La ukubwa huo litafika shilingi ngapi, na atakubali nilipe mara mbili? Anaweza kunipatia na karatasi ya kuonyesha limepimwa, maana Anna ataomba? Sonara wa kidani nitafute hapa, au huko kuna mnayemwamini? Na wewe je, Julai mosi utakuja, au bado umenuna? Doreen ana hali gani huko alikoolewa? Kazaliwa Oktoba, si ndiyo? Angalia mwenyewe orodha ujue wamempa nini.

Nijibu kabla ya Jumapili, kikao ni baada ya ibada. Na usimwambie Teddy, akijua yeye Anna atajua kabla sijala chakula cha mchana.

Nakutumia mlenda mkavu na ubuyu kwa basi la Alhamisi, nitaandika jina lako kwenye kiroba kwa maki nyekundu.

Wako asiyepiga simu,
Mama Neema

Nilisahau: kile kioo cha laki na nusu Neema amekigundisha nyuma ya simu yake. Kinang'aa kweli, siwezi kukisingizia.