Usifute Windows ili kuweka Linux

Ndugu Mhariri,

Windows 10 ilifikia kikomo cha huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za majumbani hazipokelewi na Windows 11: prosesa ni ya zamani, au TPM 2.0, chipu ya usalama, haipo. Jibu la vibanda vingi vya ufundi ni lilelile: futa kila kitu, piga Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Mwenye programu ya mahesabu inayofanya kazi kwenye Windows tu, basi tena. Mbona chumba cha mgeni hupatikana bila kubomoa nyumba? Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, inakaa vizuri na Windows kwenye diski moja. Mint iwe ya intaneti, Windows 10 ibaki na kazi zisizohitaji mtandao.

Wengi huharibikiwa kwenye maandalizi. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje kwanza. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la diski la Windows, andika karatasini ule ufunguo wa tarakimu 48. Ukigusa mipangilio ya kuwasha mashine, Windows inaweza kuudai, na usipokuwa nao hufungui kitu.

Kisha fungua dirisha la amri la msimamizi (Command Prompt), andika powercfg /h off. Amri hii inaua ndege wawili. Windows ukiizima kwa kawaida haizimiki kabisa, inasinzia huku imeishikilia diski C, na Linux ikija kuifungua inaruhusiwa kusoma tu. Ukilazimisha kuandika, mafaili yanaharibika. Hiyo moja. Ya pili, amri inafuta faili kubwa la usingizi, ambalo mara nyingi ndilo linalofanya Windows ikatae kupunguza diski hata kama nusu yake ni tupu.

Upunguzaji wenyewe, wa kuitengea Linux nafasi, ufanyie ndani ya Windows, kwa diskmgmt.msc (kisimamizi cha diski). Kwenye "Shrink Volume" ya diski C andika megabaiti 61440, yaani gigabaiti 60, na nafasi itakayopatikana iache hivyohivyo bila kuipa herufi. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS msiifanyie kazi hii siku ya mgao wa umeme.

Flashi ya kuwekea Mint ikiwa ya gigabaiti 8 inatosha, ikiandaliwa kwa programu ya Rufus. Kabla ya kuwasha kompyuta kwa flashi hiyo, angalia kwenye msinfo32 (taarifa za mfumo) kama Windows yako inawaka kwa UEFI, mtindo mpya wa kuwasha kompyuta, au kwa mtindo wa zamani, maana flashi hiyohiyo inaweza kutokea mara mbili kwenye orodha ya kuwashia. Ukichagua isiyofanana na Windows, mifumo miwili haitaonana kwenye menyu, na utaambiwa Windows imepotea wakati ipo palepale.

Ukifika ukurasa wa kuchagua mahali pa kuweka Linux, chagua "Install alongside" (weka pembeni ya Windows). Mstari wa "Erase disk" ndio unaoliza watu. Na kama chaguo la kwanza halionekani kabisa, usibahatishe. Toka, rudi Windows, chunguza. Baadaye sasisho la Windows likiirudisha Windows mbele na menyu ya Linux isionekane, hakuna kilichopotea: ingia kwenye mipangilio ya BIOS, panga upya nani awake kwanza.

Linabaki la saa. Windows huandika saa ya hapa nyumbani kwenye ubao mama, Linux huandika ya Greenwich. Ukitoka Linux kwenda Windows, saa inakuwa nyuma kwa saa tatu kamili, na tovuti zinaweza kugoma kufunguka. Watu wanauziwa betri ya CMOS, ile ya ubao mama inayotunza saa, kwa kosa hili. Betri iliyokufa hurudisha tarehe nyuma kwa miaka. Tatu kamili ni tofauti yetu na Greenwich. Ndani ya Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, na betri iache mahali pake.

Fundi wa kompyuta,
Tanga