Mume naye apewe fomu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu usichana wangu, mara nyingi likiwa limechelewa siku mbili kwa sababu ya bahari, na sijapata kukuandikia hata mstari mmoja. Hata siku mliyoihamisha Siyu mkaiweka kisiwa cha Manda nilinyamaza. Lakini ile habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu kirusi cha HPV kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ile yenye picha ya wanawake wawili wa buibui walioipa kamera kisogo kando ya punda, imenishinda kuimeza.

Mlitupangia orodha ya walio hatarini. Aliyeanza kujuana na mwanamume akiwa mdogo. Aliyezaa mara nyingi. Aliyemeza vidonge vya kupanga uzazi miaka nenda miaka rudi. Aliyepitia wanaume zaidi ya mmoja. Mwenye Virusi vya Ukimwi. Anayevuta sigara. Nikasoma, nikafuta miwani kwa ncha ya leso, nikasoma tena nikidhani nimeruka mahali. Sikuruka. Kirusi kinachopita baina ya watu wawili kitandani, na katika orodha yote mtu ni mmoja tu, naye ni mwanamke.

Mimi si daktari. Nashona kofia za vito hapa Pate. Ila nina mpwa wangu muuguzi Mombasa, nikampigia simu jioni hiyo hiyo nikamsomea habari yenu. Alinieleza kwa subira, nami nawaeleza nyinyi kwa uchache wa subira niliyobakiwa nayo. Aina za kirusi hiki zapita mia, lakini mbili tu, namba 16 na namba 18, ndizo zinazobeba kiasi cha asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Wengi wetu tukiambukizwa, mwili hukifukuza wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Kile kinachokataa kutoka ndicho kinachofanya kazi kimyakimya, miaka 15 hata 20, mpaka siku mtu anaona damu isiyo ya siku zake. Sasa kuzaa watoto saba hakumletei mtu kirusi, wala kidonge hakikileti. Kuzaa sana, na vidonge vya miaka mitano na kuzidi, huongeza hatari ya saratani kwa yule ambaye kirusi kimeshamkalia, na hiyo ya vidonge hupungua mtu akiviacha. Nyinyi mmemchanganya mwizi na mlango alioukuta wazi. Mlango mmeuandika ukurasa mzima. Mwizi hamkumuuliza hata jina.

Nilikuwa na mdogo wangu. Aliolewa mara moja, akazaa mtoto mmoja, kidonge hakukijua, na sigara alikuwa akiona moshi wake tu. Mume wake mvuvi, kila kaskazi huenda dago, kambi za wavuvi za ugenini, Malindi, Kilifi, hata Mombasa, miezi miwili mitatu, akarudi na doti ya leso na ng'onda za kugawia majirani. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, sisi tukidhani wanasema juu ya chawa. Mdogo wangu alipelekwa Mombasa kupigwa miale akiwa amekwisha kukonda hata pete ikimvuka kidoleni, wakati ule mabasi ya kutoka Mokowe yakingoja askari wa kuyasindikiza. Hakumaliza matibabu. Kwa orodha yenu, yeye hakuwa hatarini kwa lolote. Mume alikaa matanga, akaoa baada ya miezi mitano, na mpaka leo hakuna mtu mwenye koti jeupe aliyewahi kumuuliza swali. Kirusi hiki mwanamume hukibeba bila hata kuwashwa, na hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima yeye. Na msije mkaniambia kwamba wetu wote wametahiriwa. Najua, na mpwa wangu amesema tohara hupunguza. Kupunguza si kuzuia.

Baada ya mazishi ndipo nami nikaamua kwenda kupimwa. Siku ya uchunguzi ilikuwa Jumatano, na aliyeipanga bila shaka amezaliwa mahali penye lami, maana Jumatano ile ilikuwa bamvua, maji hujaa sana na kutoka sana. Boti ilichelewa kuondoka ikingoja mzigo wa kaa, tukafika Mkanda, kile kijia chembamba cha bahari, maji yamekwisha kutoka, tukakaa juu ya matope wanawake sita na madebe ya kaa mpaka adhuhuri. Nilifika kituoni saa nane. Benchi limejaa, na niliowakuta wote nawajua: wifi yangu, mke wa imamu wetu, na kijana mmoja aliyemleta mwanawe kuchanjwa, ambaye kofia yake ya harusi nimeishona mimi. Yule binti wa fomu hakuinuka kitini. Kutoka pale mezani, kwa sauti ya mnadi samaki: "Mama, ulianza kulala na mwanamume ukiwa na miaka mingapi?" Nikajibu. "Umezaa mara ngapi?" Saba. "Umeolewa mara ngapi?" Mbili, wa kwanza alikufa. "Na nje ya ndoa, wangapi?" Hapo kijana wa kofia akatoka akaenda kumtazamisha mtoto mwembe. Mimi nikaitazama ile kalamu, imefungwa uzi kwenye mguu wa meza isiibiwe, nikawaza kwamba kalamu hapa ina stara kuliko mimi. Nilipomaliza kuvuliwa nguo kwa maneno, nikaambiwa siki imekwisha. Ndiyo, Mhariri, siki. Huipaka kwenye mlango wa kizazi, wakangoja kama dakika moja, na palipoharibika hugeuka peupe. Kipimo cha bei rahisi na cha maana, sina neno nacho. Nikaambiwa niende dukani nikanunue. Nikatembea na chupa ya siki ndani ya buibui kama mtu aliyeiba kuku, nikarudi, taa ya kumulikia ikawa imezimika betri. "Rudi Jumatano ijayo." Jumatano ijayo mwezi umegeuka, maji ya asubuhi si yale, na nauli ni ya kwangu.

Sikurudi. Nilipokwenda Mombasa kwenye arusi, mpwa wangu alinipeleka chumbani, akanipa kijiti chenye brashi, akanionyesha, akatoka akafunga mlango. Nikajichukulia sampuli mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza nina wanaume wangapi, maana maabara inatafuta kirusi, haitafuti sifa zangu. Majibu yakaja, hamna kitu, alhamdulillahi. Kijiti kile hakifiki uzito wa mguu wa kaa. Nashindwa kufahamu kwa nini kaa wanaweza kuvuka Mkanda kila siku na kijiti hakiwezi.

Na nikiwa nimeshashika kalamu, kuna hili la chanjo ya kirusi hiki. Ilizinduliwa huku kwetu Pwani, Mombasa, Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Mjukuu wangu akachomwa ya kwanza shuleni. Ya pili ilikuwa baada ya miezi sita, na Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Zilipofunguliwa hakuna aliyekuja kumtafuta. Nikaenda kuuliza, nikaambiwa niulize shule; shule ikaniambia niulize kituo. Huku mitaani nako watu wakinong'ona kwamba sindano ile inafunga vizazi, na hakuna ofisa aliyekuja kukaa na kina mama akanywa nao chai, akawaeleza. Barua iliyoletwa nyumbani ilikuwa ya Kiingereza. Bibi wa Pate asome Kiingereza juu ya kizazi cha mjukuu wake! Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likasema dozi moja nayo yaweza kutosha kwa wasichana. Habari hiyo nimeipata kwa mpwa wangu juzi juzi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimtazama mtoto wa watu kama sahani iliyooshwa upande mmoja.

Punda nao. Naomba mpumzike na punda. Kila Lamu ikitajwa, iwe ni maji, ni kura, ni saratani, picha ni ya punda na buibui. Punda hana HPV ya kutuambukiza. Siku nyingine pigeni picha ya baraza saa kumi alasiri, wanaume wamekaa na kahawa yao, muandike chini yake: wahusika.

Mkitaka shauri langu, ni mawili. La kwanza, fomu ile ile iongezwe karatasi ya pili, ya mume. Aijaze mwenyewe, kwenye benchi lile lile, mbele ya wifi yangu na mke wa imamu, na yule binti asiinuke kitini: ulianza lini, dago umekwenda mara ngapi, ulifikia kwa nani. Kalamu ipo, imefungwa uzi, haitapotea. Asiyetaka kujaza asimlaumu mkewe kwa kuogopa kwenda.

La pili si mzaha. Siku za uchunguzi kwa watu wa visiwani zipangwe kwa maji, zisipangwe kwa Jumatano. Nahodha yeyote wa hapa atawaambia, bila malipo, siku gani Mkanda unapitika asubuhi na kurudika jioni. Zichapisheni kila mwezi pale pale mnapochapisha nyakati za sala, kona ya chini kushoto, penye tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Tangazo hilo liondoeni.

Chupa ya siki ningali nayo, nusu imeingia kwenye achari ya maembe. Siku mtakayoitangaza, nitakuja nayo mwenyewe, na betri.

Wako,
Mshona kofia,
Pate, Lamu