Mheshimiwa Waziri, tupimieni mafundi wa vyombo Nungwi kipande cha pwani

Assalamu alaykum Mheshimiwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Zanzibar.

Mie mtoto wa fundi wa vyombo vya baharini hapa Nungwi, babu alishika tezo ya kuchongea mbao, baba akashika, na mie nimo humo humo. Nakuandikia manake tumeshahamishwa mara mbili, kila mara anakuja mtu anasema hapa pana mradi, tunabeba mbao zetu tunasogea. Sahizi tumebakiwa na kipande chembamba tunagonga mataruma, yaani mbavu za chombo, huku watu wanapita katikati. Watalii hatuwachukii, wengi wanasimama wanaangalia kazi mpaka jua linazama.

Wengine wanatwambia si mkajenge huko ndani shamba. Mheshimiwa, mashua ya futi 35 haibebeki, inajengwa pale ambapo maji makubwa ya bamvua yatafika, siku ya kushusha tunatanguliza magogo chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, kijiji kizima kinakamata kamba tunavuta kwa nyimbo. Bila pwani hakuna chombo.

Na ufundi wenyewe haujaandikwa popote, vipimo viko kichwani. Juzi nilikua napiga kalafati, unasokota pamba unaichovya mafuta ya nazi unaipenyeza kati ya ubao na ubao kwa patasi, nyundo ndogo ndogo, baba kakaa upande wa pili wala hanitizami, ghafla ananambia hapo rudia. Kwa kusikia mlio tu! Nikachomoa ile pamba, kweli ilikua haijazama. Kitu kama hicho mtu anajifunza chomboni, hakuna pengine.

Boti za faiba sizipingi, mvuvi achukue inayomfaa. Ila mashua ya mbao ubao ukioza unatoa huo huo unatia mwengine, hapa hapa pwani, na chombo kinaendelea kwenda bahari.

Ombi letu moja tu, tupimiwe kipande cha pwani kiandikwe rasmi kua ni cha kujengea vyombo, kisiuzwe wala kisikodishwe. Kuna vijana wawili wamemaliza skuli wanataka kujifunza, wazee wao wanawakataza, wanasema kazi yenyewe kesho haitokua na pa kufanyia, na mie sina la kuwajibu.

Bamvua lijalo tunashusha mashua inshallah. Karibu Mheshimiwa, njoo asubuhi kabla maji hayajajaa uione kwa macho yako hiyo nafasi tuliyobakiwa nayo, na ukipenda ushike kamba na sisi.