Usiniletee udi, niletee patasi

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu wa tangu na tangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Maskati. Mimi na wa nyumbani tu wazima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yetu. Nimeianza kizamani makusudi, kama tulivyokuwa tukiandikiana wakati wa bweni. Ujumbe wa simu siupendi kwa mambo marefu, na hili ni refu.

Umeniuliza uniletee nini ukija mfungo mosi. Nimekusikia ukitaja udi, manukato, halua, na ile seti ya vikombe vya kahawa yenye mstari wa dhahabu. Halua lete, hiyo haina mjadala. Vilivyobaki wape mawifi zangu, watakuombea dua. Mimi niletee patasi moja ya nusu inchi, tupa ya pembetatu, na begi likiruhusu, betri ya drili. Usicheke kwanza, soma.

Mara ya mwisho ulipochungulia kile chumba changu cha uani ulishika kiuno ukauliza mwanamke mmoja ana haja gani na nyundo zote zile. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na biriani motoni. Nakujibu leo. Ile yenye kucha ni ya misumari, ya kupigilia na kung'olea. Hiyo huwezi kupigia patasi yenye mpini wa mti, utaupasua mpini. Hapo inatakiwa nyundo ya mti. Ile ndogo nyembamba ni ya vijisumari vya fremu za picha, maana kubwa itaponda vidole kabla ya msumari. Zile mbili za mwisho, kweli, sina kazi nazo. Nimezipenda tu. Na wewe doti za kanga zilizojaa sandukuni kwako, zote unazivaa?

Vifaa vyangu vingi sikuvipata dukani. Tanga ni mji wa reli. Wajerumani walianza kuijenga njia ile mwaka 1893, ikapanda kidogo kidogo hadi Moshi, na reli ikalea mafundi vizazi kwa vizazi. Fundi akifariki, sanduku lake hubaki chini ya kitanda mpaka watoto wachoke kulikwaa, kisha linapelekwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu na kupimwa kwenye mizani pamoja na masufuria yaliyotoboka. Nina urafiki na mmoja wa hao wanunuzi kule Ngamiani. Akiona kitu chenye mpini ananiwekea pembeni, na mimi namlipa zaidi ya bei ya kilo, maana anajua nami najua.

Randa yangu ilitoka hapo. Ni Stanley namba 4, ya kulainishia mbao, kisu chake kina upana wa inchi 2. Siku naichukua ilikuwa kutu tupu, huwezi hata kuzungusha ile gurudumu ya shaba ya kushushia kisu. Umbo lake alilibuni Mmarekani mmoja, Leonard Bailey, katika karne ya 19, na kampuni ya Stanley ikanunua haki zake mwaka 1869. Tangu hapo watengenezaji dunia nzima wamekuwa wakimwiga, na ukinunua randa ya chuma leo, mpya ya boksini, ukaifungua, utakuta karibu vipande vilevile: kisu, bamba la kuvunjia maranda lililofungwa juu ya kisu, kile kiti cha mteremko kinachokibeba, na wenzo wa kukisawazisha kushoto na kulia. Nakwambia haya ili ujue kwa nini nilikataa uliposema kitupe hicho kizee nikununulie kipya. Kipya ni hicho hicho, ila mara nyingi chuma chake chepesi zaidi.

Kutu niliitoa kwa siki. Unalaza vipande ndani ya siki nyeupe usiku kucha, asubuhi unavisugua kwa brashi ya waya, kisha unavisuuza kwa maji yaliyotiwa magadi, haya haya tunayolainishia maharage, ili ukali wa siki uishe. Bila magadi, kutu inarudi kabla hujamaliza kunywa chai. Unakausha vizuri, unaweka juani kidogo, halafu unapaka mafuta. Mimi natumia mafuta ya nazi. Watu wananiambia oili chafu ya gari ni bure. Ni bure, ndiyo, na ni nzuri kwa nguzo zinazoliwa na mchwa, lakini ukiipaka kwenye randa kisha ukaipitisha juu ya ubao wa mninga, ubao unabaki na doa jeusi. Mafuta ya nazi hayachafui, na chumba kinanukia jikoni.

Kutu ndiyo mgeni wetu wa kudumu huku pwani, na masika ndiyo msimu wake. Upepo una chumvi, hewa ina maji, chuma kinatoa jasho alfajiri. Kwa hiyo nina ombi la pembeni lisilokugharimu kitu: vile vifuko vidogo vyenye punje nyeupe vinavyokuja ndani ya boksi za viatu na mikoba, usivitupe. Vinanyonya unyevu. Ninavitia kwenye droo za patasi na za biti za drili, na vikishiba unyevu navikausha kwa moto wa chini. Kwa idadi ya viatu unavyonunua wewe, mwaka mzima sitahangaika.

Sasa patasi. Ninazo nne: ya robo inchi, ya nusu, ya robo tatu na ya inchi nzima. Ya nusu ndiyo inayofanya kazi kuliko zote, na ndiyo iliyokwisha, imenolewa na waliokuwa nayo kabla yangu mpaka imebaki fupi, mkono haupati pa kushika. Ndiyo maana nataka hiyo hiyo. Usichague kwa mng'ao wala kwa rangi ya mpini. Igeuze, tazama mgongo wake, ule upande bapa. Weka rula juu yake uinue kwenye taa. Ikipenya nuru katikati, iache, chukua nyingine. Mgongo usipokuwa sawa, makali hayatakaa sawa hata unoe mpaka Idi ya pili.

Kunoa ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko kununua, na hapo najua tutabishana. Alasiri, watoto wakiwa chuoni, nalowesha jiwe, naweka patasi katika mlalo wa kama digrii 25, navuta kwa utulivu mpaka nikipitisha kidole upande wa pili nasikia ukwaru mwembamba umejikunja pale ukingoni. Huo ukwaru ndio habari njema: maana yake nimefika kwenye ncha yenyewe. Nageuza, nauondoa mgongoni kwa mara chache, kisha nainua mlalo kidogo, digrii 30 hivi, napitisha kwenye jiwe laini, namalizia kwenye mkanda mkuukuu wa ngozi wa baba watoto. Jaribio langu ni kukata ubao upande wa kichwa, pale nyuzi za mti zinapokutazama. Patasi butu inazipondaponda zinabaki kama zimetafunwa. Iliyonolewa inaacha uso uliong'aa, bila msasa wowote.

Na mbao zetu hazina huruma. Mninga ni muungwana, unakubali randa na unanukia vizuri. Mtiki, huu unaotoka shamba la Longuza kule Muheza, unaonekana laini na wenye mafuta, lakini ndani una chembe za silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga, na unakula makali haraka ajabu. Mvule una hila nyingine: wakati mwingine mti wenyewe umeficha kijiwe ndani, chokaa iliyoganda kwenye mbao, nawe huioni mpaka kisu kimekigonga na kung'oka pembe. Ndiyo maana naanza kwa kuupitishia mvule randa yangu mbovu, ile nzuri inangoja zamu yake. Umeona sasa kwa nini mtu ana randa mbili?

Chumba utakikuta kimebadilika. Nimepigilia ubao mkubwa ukutani, kila kifaa nimekichorea umbo lake kwa rangi nyeupe mahali kinaponing'inia. Mafundi wa ndege hutumia mpango wa namna hii, kila kifaa na nafasi yake ya umbo lake, kwa sababu spana iliyosahauliwa ndani ya injini si jambo la kucheka. Kwangu hakuna ndege, kuna baba watoto, aliyechukua plaizi kufungulia mtungi wa gesi akasema hajaichukua. Umbo tupu la plaizi likamtolea ushahidi ukutani.

Wengi hupanga kwa ukubwa, spana ndogo mpaka kubwa, na inapendeza kwenye picha. Mimi napanga kwa kazi. Skwea, penseli, rula na geji ya kuchorea mistari viko pamoja kwa sababu vinashikwa pamoja. Jiwe la kunolea liko karibu na maji. Spana peke yake ndizo nimezipanga kwa namba, na hapo pana kituko: boliti ya milimita 8 ikiwa ya gari la Kijapani, kichwa chake mara nyingi kinataka spana ya 12, ikiwa ya Kijerumani kinataka ya 13. Boliti moja, spana mbili. Misumari na skrubu nilikuwa nazitia kwenye makopo ya Blue Band, nimeacha, kwa sababu kila kopo lazima ulifungue ndipo ujue lina nini. Sasa ziko kwenye chupa za jemu, vifuniko nimevipigilia chini ya rafu, nazungusha chupa tu inashuka na vilivyomo vinaonekana.

Lakini nisije nikakudanganya kwamba bila haya yote kazi haifanyiki. Pangani kuna babu anayeunda mashua. Nilimkuta kakaa kwenye kivuli cha mkungu, kando yake tezo, msumeno, patasi, nyundo na keekee ya uta, ile inayozungushwa kwa kamba na fimbo, mkono mmoja unasukuma na kuvuta, mwingine unakandamiza. Hana umeme, hana ukuta wa kuchora maumbo. Ubao anaupima kwa jicho, anaukata kwa tezo, unakaa. Nilimwuliza vifaa vingine viko wapi, akaniangalia kama nimemwuliza ana vichwa vingapi. Wewe uko nchi moja na Sur, mji wa majahazi. Ukipata siku ukaenda, nenda kwenye uwanja wao wa kuundia uniangalizie wanatumia nini, hasa keekee zao. Piga picha vifaa, majahazi nishayaona.

Nimalize la betri, kabla hujapanga mizigo. Drili ninayo, mwili wake ni wa buluu-kijani wa Makita, volti 18, na betri za kampuni moja haziingii kwa nyingine, kwa hiyo usishawishike na ya bei rahisi pembeni. Chukua ya ampea-saa 5. Ukizidisha, 18 kwa 5 ni wati-saa 90, nayo ni chini ya 100 zinazoruhusiwa na mashirika ya ndege bila kuomba kibali. Ukiona na chaja ina punguzo, ichukue, plagi ya Oman ya miguu mitatu ni hii hii yetu, na umeme unalingana. Betri weka kwenye mkoba wa mkononi, vichwa vyake umevifunika kwa utepe, maana betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Patasi na tupa ni kinyume chake, ziende chini, zimeviringishwa kwenye nguo nzito.

Hiyo tupa ni ya mbuzi yako. Ulilalamika kwamba nazi ya kusaga kwenye mashine inatoa tui lisilo na ladha, nikakuahidi mbuzi ya kukunia, ya kukunjika. Kiti ni cha mninga, miguu nimeiunga kwa ulimi na tundu bila msumari hata mmoja, nimekipaka mafuta kinateleza. Kilichobaki ni meno ya chuma chake, na tupa niliyonayo imekwisha, inateleza tu juu ya chuma haikwaruzi. Ukifika na tupa usiku, asubuhi yake nakukatia meno. Wakati wa kurudi itaingia kwenye begi la chini, ilimolala patasi.

Nisalimie shemeji na wanangu. Mwambie yule mdogo nimemtengenezea gari la mbao, magurudumu yanazunguka.

Wako,
Mama wa uani