Treni ya Butere nayo itajwe kwenye bajeti

Mhariri,

Kila nikifungua redio siku hizi nakuta waheshimiwa wakivutana. Huyu anataka pesa ziende kwa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, yule anataka SGR, ile reli mpya ya kisasa, itolewe Suswa, ilikokwama mwaka 2019, iletwe Kisumu. Mimi ni mchuuzi wa omena, yaani dagaa, hapa Luanda, kaunti ya Vihiga, na katika mabishano yote hayo sijasikia mtu akiitaja reli ambayo tayari inapita kwetu.

Reli ya Kisumu hadi Butere ilikamilika 1930. Inapitia Kisian, Maseno, Luanda na Yala. Sisi wa umri wangu tumeipanda sana. Ilikuwa polepole, sikatai. Ikipanda kilima cha Maseno ungeweza kushuka, ukachuma mapera, ukairukia tena. Lakini gunia lako lilikuwa na mahali pake.

Sasa njoo steji ya matatu Kisumu uone. Gunia la omena si zito sana, ila ni kubwa na lina harufu. Makanga analitazama gunia kwanza, kisha anakutazama wewe. Analirusha juu ya keria, analifunga kwa kamba moja, halafu anakutoza nauli yako na ya gunia. Mvua ya alasiri ikiwapata kabla ya Kisian, omena iliyokaushwa vizuri kule ufuoni inafika Luanda imelowa. Hiyo haiuziki kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, tena. Mteja ananusa, anaenda zake, na mimi namtafuta mfugaji wa kuku anipe chochote.

Tusiambiwe pesa hakuna. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli inakatwa shilingi 25 za kutunza barabara, na makanga hajasahau kuziweka kwenye nauli yangu. Tangu 2013 bidhaa zinazoingia kutoka ng'ambo zinatozwa ada ya kuendeleza reli, kwa hivyo hata nikinunua tochi nimelipia treni. Treni yenyewe, ya SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Huku kwetu tunaiona kwenye televisheni.

Najua nitajibiwa kwamba barabara hufika mlangoni na reli haifiki. Ni kweli. Kijana wangu ni wa boda boda. Bila barabara nzuri hapati chakula. Lakini treni ikishusha watu Luanda asubuhi, wa kwenda Emuhaya watapelekwa na nani kama si yeye? Wenye matatu pia wasiwe na wasiwasi, abiria wa Busia na Bondo watabaki wao.

Wala siombi makuu. Addis Ababa walizindua treni ya umeme ya mjini mwaka 2015, hongera kwao. Wenzetu wa Nairobi wana treni za kwenda kazini kutoka Syokimau tangu 2012, na bado wakajengewa Expressway, barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022. Hakuna aliyewaambia wachague moja. Mbona sisi wa magharibi ndio tunaulizwa kama tunataka lami au reli?

Nafikiri shida ni kwamba reli hii inakatiza kaunti nne: Kisumu, Vihiga, Siaya na Kakamega. Gavana hupenda kuzindua kitu kinachoanza na kuishia kwake, akakate utepe peke yake. Basi wabunge wa kaunti hizo nne wakae meza moja kabla bajeti haijasomwa Juni, wadai treni moja ya asubuhi na jioni, siku zote, yenye saa zinazojulikana na nauli iliyobandikwa ukutani stesheni. Mabehewa matatu ya abiria yanatosha kuanzia. La mizigo lisiachwe nje, na liwe na paa.

Mchuuzi wa omena,
Luanda, Vihiga